Harusi ya Migongo Ukutani

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba katika nchi yetu ya Shibe hakuna njaa. Nasema hili mapema ili atakayesoma nusu na kuacha asije akanielewa vibaya. Njaa ilifutwa mwaka wa tatu wa utawala wa Mheshimiwa Baba Ghala, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa tangazo la redio. Tukapiga makofi. Wengine tulipiga taratibu, maana tulikuwa hatujanywa chai.

Baada ya njaa kufutwa, serikali ikataka ushahidi. Tukapangwa foleni nchi nzima, tukapimwa kifua, kiuno na nyonga, kila mtu akapewa Cheti cha Vipimo chenye picha na muhuri. Viuno vyote vikajumlishwa, ikapatikana namba moja kubwa iitwayo Kiuno cha Taifa, ikaandikwa juu ya paa la Bunge kwa rangi ya dhahabu. Mwaka uleule kilo nayo ikaboreshwa. Ile ya zamani ilikuwa nzito, ikiwachosha wananchi kubeba. Hii mpya ni nyepesi, mfuko wa unga wa kilo kumi unauning'iniza kwenye kidole na kwenda zako. Nani alalamike?

Mimi ni fundi cherehani, naitwa Chande, fundi daraja la pili. Leseni yangu imebandikwa ukutani na inasema: fundi ataruhusiwa kupanua nguo ya raia wakati wowote, ila hataruhusiwa kuipunguza kwa mkasi, uzi wala sindano. Atakayepunguza nguo amepunguza Kiuno cha Taifa. Mwenzangu Mzamilu, mtu mpole, hana neno na mtu, alipunguza kola ya shemeji yake kidogo tu. Akaitwa semina. Huu mwaka wa nne, semina haijaisha.

Na nguo inayopwaya nayo ni uchochezi. Mlangoni pa kila mkusanyiko, iwe ibada, msiba au harusi, husimama mgambo. Anakuingiza vidole viwili kiunoni, hapa mbele. Vidole vikibanwa, karibu, pita. Vikicheza, basi wewe unatangaza kwa nguo zako kwamba kuna kitu kimepungua nchini, na hupiti. Ukiniuliza aliyepungua mwili afanye nini, ikiwa haruhusiwi kupunguza nguo na haruhusiwi kupwaya, nitakujibu kwamba maswali hayo ni ya mafundi wa daraja la kwanza. Mimi huvaa koti langu, masika na kiangazi, kwa heshima ya kazi.

*

Jumatatu asubuhi Bi Sikudhani aliingia dukani kwangu amevaa gauni nililompelekea jana yake. Lilikuwa gauni la lesi ya zambarau, sare ya harusi ya binti yake Somoe. Alikuwa amelikusanya kwa mikono miwili mbele ya tumbo ili asilikanyage.

"Fundi Chande," alisema, "hili ni gauni au ni chandarua?"

"Bi mkubwa, nimeshona kwa cheti. Kifua arobaini na nne, kiuno thelathini na nane, nyonga hamsini."

"Kwani Jumamosi kinaozesha cheti au naozesha mimi?"

Nimemjua Bi Sikudhani miaka ishirini. Zamani akipita sokoni, watu walisahau walichokuja kununua. Alikuwa mwanamke wa kupenda nguo na nguo zilimpenda. Sasa mifupa ya mabega ilikuwa imesimama chini ya lesi, na shingo imebaki mishipa. Nilitaka kumuuliza kulikoni, lakini kwetu Shibe swali hilo lina namna yake ya kuulizwa.

"Siku hizi una furaha sana, eh?"

"Furaha tele," alijibu, akanitazama hasa. "Unga wenyewe ndio huo unaoujua. Nikipika, mimi naonja palepale jikoni, nashiba. Somoe ndiye wa kula. Msichana anaolewa, atatokaje nyumbani kwangu kama kijiti?"

Kisha akaketi kwenye kiti changu cha wateja, gauni likajaa sakafuni pande zote, akanieleza shida yake. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki. Kaka hana, mjomba hana. Wa kumshika Somoe mkono na kumkabidhi kwa mumewe ni yeye peke yake. Na baba wa huyo mume mtarajiwa hakuwa mtu mdogo, alikuwa Bwana Dachi, Mkaguzi Mkuu wa Vipimo, yule aliyempeleka Mzamilu semina.

"Nisipopita pale mlangoni, mwanangu atatolewa na nani? Atasimama peke yake kama yatima na mimi nipo nje nachungulia dirishani?" Akashusha sauti. "Tena nataka nipendeze, fundi. Usinicheke. Huu mwaka wa tatu sijitazami kwenye kioo. Siku hiyo moja nataka mwanangu anitazame amuone mama yake."

Sikucheka. Nilimwambia kesho twende ofisini, maana sheria inamtaka fundi amsindikize mteja kama shahidi.

*

Ofisi ya Ulinganifu wa Mwili na Vazi ipo ghorofa ya saba, na lifti yake ni ya wageni kutoka nje. Bi Sikudhani alipumzika kila ghorofa. Tulipofika, Mkurugenzi alimzunguka mara mbili, mikono nyuma, kisha akahutubia akilitazama gauni.

"Mama, gauni lako halina kosa. Ni gauni tiifu. Limefuata cheti inchi kwa inchi, bila kuyumba. Aliyekiuka hapa ni mwili. Kama gauni hili lingekuwa na mdomo, mama, leo lingekuwa mlalamikaji na wewe mshtakiwa!"

"Ndiyo, baba. Basi nisaidie, ni harusi ya mwanangu."

Karani alitoa fomu. Swali la kwanza lilikuwa: Sababu ya mwili kuondoka ndani ya nguo. Majibu yaliyokubalika yalikuwa matatu, furaha, michezo na safari.

"Andika njaa," alisema Bi Sikudhani.

Karani alikimbilia dirisha akalifunga. Mkurugenzi alimtazama yule mama kwa huruma kubwa, kama anayemtazama mtu aliyeanza kuongea peke yake.

"Umesema nini? Mimi nimesoma mpaka chuo kikuu, neno hilo sijapata kuliona."

"Amesema furaha, bwana," nilidakia haraka. "Ana kigugumizi."

"Furaha ya kiasi gani?"

Nilimpima hapohapo. Kutoka thelathini na nane hadi ishirini na tisa. Karani akaandika kwa mwandiko mzuri: furaha ya inchi tisa. Mkurugenzi akagonga muhuri na kutoa amri kwamba raia Sikudhani arejee katika vipimo vyake halali ifikapo Ijumaa saa tisa alasiri.

"Nirejee kwa kula nini, baba?"

"Chakula, mama. Sera iko wazi."

Niliuliza kwa adabu kuhusu ile mito ya sufi ambayo serikali huwagawia wananchi wajazie nguo penye upungufu wa muda. Mkurugenzi alisema mito ilikwisha. Waheshimiwa walitangulia kuichukua ili kuonyesha mfano. Alipokuwa akisema hivyo alikaa wima kidogo, na kati ya kifungo cha tatu na cha nne cha shati lake nikaona kijinyuzi cheupe cha sufi kikichungulia. Nikatazama dari.

Tuliteremka. Kwenye ngazi za ghorofa ya nne Bi Sikudhani aliketi, akafunika uso kwa lile gauni, akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mtu aliyechoka, na mimi nikasimama pale na futi yangu ya kupimia shingoni.

*

Jumatano alijaribu matambara. Alijijaza mashuka ya zamani kifuani na kiunoni, akatoka nyumbani kwake amenona. Alipofika dukani kwangu unono wote ulikuwa umeteremkia magotini. Alhamisi hakuwa na maarifa tena. Aliingia, akafunga mlango, akanishika miguu. Mwanamke wa umri ule, aliyewahi kunifokea kwa sababu ya kifungo kimoja, amenishika miguu.

"Nipunguzie, Chande. Kwa jina la Mungu. Nikamwozeshe, Jumapili nitakwenda semina mwenyewe kwa miguu yangu, nitasema nilishona mimi."

"Inuka, bi mkubwa, usinipe laana. Mkono wa fundi unajulikana. Watanijua kwa mshono wangu kabla hawajauliza."

"Basi mimi nifanyeje? Niambie! Ninene mpaka kesho kwa unga upi? Nijifiche wapi na mwili huu? Nimeuomba radhi, nimeupaka mafuta, nimeuambia subiri mpaka Jumamosi ndipo uishe. Haunisikii!"

Nilishindwa kumtazama usoni. Nikageukia dirishani, lilipo sanamu langu la kuonyeshea nguo. Lile sanamu lililetwa kutoka nje zamani, ni jembamba, na nguo ninazolivika ni za vipimo vya cheti. Lakini anayepita barabarani huliona limevaa vizuri, gauni limekaa mwilini, kwa sababu sisi mafundi wote wa Shibe tuna ujanja wetu. Nyuma, ambako mteja haoni, tunakusanya kitambaa na kukibana kwa pini.

Nikaisoma leseni yangu upya. Kwa mkasi, uzi wala sindano. Nikaisoma mara ya tatu. Pini haimo.

"Bi Sikudhani," nilisema, "simama wima."

Pini kumi na saba zilitosha. Nilizipanga kuanzia chini ya shingo hadi chini ya kiuno, kila moja nikiificha kichwa kadiri nilivyoweza. Mbele, lesi ikakaa kama imechorwa mwilini. Ule wembamba aliouonea haya miaka mitatu ukawa umbo. Nikamgeuza kwenye kioo.

Alijitazama muda mrefu. Akashika kiuno. Akainua kidevu, vile alivyokuwa akikiinua zamani.

"Kumbe nipo," alisema. "Nilidhani nimekwisha."

Nikampa masharti. Asiiname, asigeuke, na akishaingia ukumbini mgongo wake usiachane na ukuta. Alitoka akitembea kinyumenyume mpaka uani, akicheka na kufuta machozi.

*

Ijumaa kabla ya saa nne alikuja jirani wa Bi Sikudhani. "Fundi, ni mimi peke yangu, tafadhali lisitoke nje." Alikuwa na furaha ya inchi sita. Akafuata mwalimu mkuu, naye akasema ni yeye peke yake. Akaja mgambo wa mlangoni na sare yake. Wakaja waimbaji wa taarabu, mmoja mmoja, kila mmoja akihakikisha mwenzake hayupo. Saa saba aliingia Bi Zamaradi, mke wa Mkaguzi, amejifunika gubigubi. Inchi kumi na moja. Wote hao niliwabana, na kila mmoja nilimwapia kwamba ndiye wa kwanza.

Saa kumi niliishiwa pini. Nilikuwa nafunga duka aliposimama mlangoni Mkaguzi Mkuu, Bwana Dachi mwenyewe, ameshika suruali kwa mkono mmoja. Nikaanza kutafuta leseni.

"Acha leseni," alisema. "Nimekuja kikazi. Nakagua kama mafundi wana uwezo wa... kusaidia suruali iliyotanuka yenyewe. Kitambaa cha siku hizi kinatanuka."

"Kinatanuka sana, bwana."

"Ni mimi peke yangu, lakini. Isitoke nje."

Nikaenda dirishani, nikachomoa pini zote za sanamu, nikambana. Sanamu likabaki limezama ndani ya gauni lake, limepwaya mbele ya barabara nzima. Nikavuta pazia.

*

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa na katikati hakukuwa na mtu. Viti vilipangwa safi, vimepambwa maua ya karatasi, havikukaliwa. Wageni mia mbili walikuwa wamesimama kuuzunguka ukumbi, migongo imeganda ukutani, wanatabasamu. Vigelegele vilipigwa kutoka ukutani. Taarabu iliimbwa kutoka ukutani. Msemaji alisihi kwenye kipaza sauti, "Wapendwa, jongeeni kati mcheze," nao wakamjibu kwa kutikisa vichwa. Kwa anayetazama kutoka mlangoni, sijapata kuona taifa lililopendeza namna ile. Kila nguo ilikuwa imemkaa mwenyewe.

Bi Sikudhani alikuwa amepita mlangoni. Mgambo alimwingiza vidole viwili, vikabanwa, naye akakaribishwa kwa heshima zote. Nilimuona kwenye ukuta wa kushoto, zambarau yake inang'aa, macho yote kwenye mlango atakaoingilia mwanawe.

Somoe akaingia katika shela jeupe, mtandio wake mrefu ukimfunika mgongo, akaletwa mpaka katikati, akasimama peke yake karibu na kipaza sauti. Bwana harusi alikuwa ameketi jukwaani kwenye kiti chenye mgongo mrefu. Msemaji akaita, "Mama wa bibi harusi na aje amkabidhi mwanawe!"

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichokisahau. Kutoka ukutani hadi katikati ya ukumbi ni hatua ishirini, na anayekwenda katikati, mgongo wake unabaki kwa watu.

Bi Sikudhani alinitazama. Alimtazama Mkaguzi, aliyesimama ukuta wa pili. Kisha akamtazama mwanawe pale alipo, hana wa kumshika mkono. Akajibandua ukutani na kwenda.

Pini kumi na saba zilimeta chini ya taa. Taarabu ikakatika. Watu mia mbili walimeza mate kwa pamoja.

"Simama!" Mkaguzi alinguruma. "Mgongoni kuna nini hapo? Mgambo, mkamate!"

Mgambo alizidi kujibana kwenye mwimo wa mlango. "Bwana Mkaguzi, nalinda mlango."

"Nyie wengine! Mwalimu mkuu!"

"Mguu umekufa ganzi, bwana."

"Basi nitakuja mwenyewe!" Akatoa hatua moja. Akahisi hewa mgongoni. Akairudisha hatua mahali pake, akatulia.

Bi Sikudhani hakusimama. Alifika, akamkumbatia mwanawe, mikono ikamzunguka mgongoni, chini ya mtandio. Nikaona mikono hiyo inasita, inapapasa, inapanda na kushuka. Kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hiyo waliyosema tuliyasikia sote.

"Somoe. Hizi pini nani kakubana?"

"Shoga yangu, mama. Na zako?"

"Wewe si ulikuwa unakula? Kila siku nakuachia sahani yako!"

"Nilikuwa nairudisha sufuriani, mama, ukienda kuteka maji. Nikikwambia nimekula kwa shoga yangu. Nilitaka ule wewe."

"Nami nikikuta ugali umebaki nakuwekea tena wewe. Nilikwambia naonja jikoni." Akamtazama juu hadi chini. "Ewe Mola! Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba sufuria ina baraka, ugali hauishi."

Alimshika uso kwa mikono miwili. Akalisema lile neno, polepole, mbele ya watu wote.

"Mwanangu, una njaa?"

"Ninayo, mama. Siku nyingi."

Hakuna aliyezimia, hakuna aliyefunga dirisha. Kisha Bi Zamaradi, mke wa Mkaguzi, akajibandua. Akatembea hatua zake ishirini, mgongo wake wa pini umewaelekea watu na mumewe pia, akafika akawakumbatia wote wawili. "Na mimi, dada," alisema. "Na mimi." Akafuata jirani. Akafuata mwalimu mkuu na ule mguu wake wa ganzi. Mwishowe katikati ya ukumbi palijaa watu wanaoshikana viuno halisi na kulia, na ukutani amebaki Mkaguzi peke yake, amesimama kikakamavu, anatazama juu.

Sufuria za pilau zilipofunuliwa, kila mtu alipata kijiko kimoja na nusu. Hakuna aliyesema ameshiba. Bi Sikudhani alimlisha mwanawe kile chake kwa mkono wake, na mwanawe akamlisha mama yake cha kwake, safari hii kila mmoja akimtazama mwenzake mpaka ameze.

*

Watu walipotawanyika, Mkaguzi aliniita kwa kidole. Alitaka nimsindikize nyumbani nikitembea nyuma yake, karibu karibu, mtaa usione kitu. Tukaenda hivyo, jua bado lipo, mimi na koti langu nimelowa jasho kama niliyetoka kisimani.

Tulipofika mlangoni kwake alisimama. "Fundi," aliuliza bila kugeuka, "na wewe anakubana nani?"

"Fundi hawezi kujibana mgongo, bwana. Mimi navaa koti."

"Livue."

Nililivua. Shati langu la cheti likaanguka pande zote kama shuka kwenye kamba. Mkaguzi akageuka. Alinitazama mbavu muda mrefu. Kisha akapeleka mkono nyuma ya suruali yake, akachomoa pini mbili, suruali ikamshuka hadi nyongani. Akanizungukia, akakusanya shati langu mgongoni na kulibana.

"Jumatatu saa tatu nitakuja kukagua duka lako," alisema, akishika suruali yake kwa mikono miwili.

"Karibu sana, bwana."

"Hakikisha umevaa koti."